Naulizwa Sabuni, Nauza Twiga

Nilipokuwa maabara nikipima maji, hakuna aliyeniuliza swali la sayansi. Tangu niache kemia nikashika brashi pale Morogoro Stores, Dar es Salaam, mtaa mzima umegundua kuwa una mkemia. Jirani sabuni yake ya maji imegoma kuwa nzito, anagonga mlango alfajiri. Mtoto wa kidato cha nne kashindwa taitresheni, analetwa kwangu na daftari lake. Picha je? Hizo wanaomba bure, eti "za ukumbusho".

Anayenichosha zaidi ni baba mdogo. Kasikia redioni habari za Brian May, mpiga gitaa wa Queen, bendi ya yule mzaliwa wa Unguja, Freddie Mercury. Bwana huyo aliacha uzamivu wake wa falaki miaka ya 1970 akafuata muziki, akaja kuumaliza 2007. "Umeona? Hata yeye alirudi!" Shikamoo baba mdogo, lakini mwenzangu alirudi na hela za rekodi mfukoni, tena kusomea vumbi la angani. La kwangu halihitaji darubini: linatua lenyewe juu ya rangi mbichi.

Na rangi yenyewe ina visa. Ni ya mafuta, ya kupakia baiskeli, ileile aliyoanza nayo mchoraji Edward Saidi Tingatinga kwenye hadibodi mwaka 1968. Masika ikifika, kukauka ni mtihani. Nikamweleza mzee anayenifundisha kwamba rangi hii haikauki kwa kupigwa upepo tu, bali oksijeni ya hewani lazima iungane na mafuta yake. Akanisikiliza mpaka mwisho. "Basi iambie oksijeni yako ifanye haraka, mgeni anapanda ndege kesho."

Mnaniuliza kama huku nimepata maana ya maisha. Maabara nilikimbia kurudia kipimo kilekile. Sasa narudia twiga yuleyule, maana ndiye watalii wanayemtaka. Ila chupa ya sampuli haikuwahi kunitazama. Chui, ukishamtia kile kidoa cheupe cha mwisho kwenye jicho, anakukodolea, nami hucheka peke yangu kama chizi. Mshahara wa maabara ulikuwa mzuri, lakini kicheko hicho haukuwa nacho.

Kwa hiyo majirani zangu, fomula ya sabuni ipo, na ni bure kwa kila anayenunua picha. Twiga mdogo ni elfu thelathini. Sikopeshi.