Tundu Chini ya Zulia

Swichi ya kikidauni ni kidude cha kuenea kiganjani, kinachokaa sakafuni chini ya pedali ya mafuta katika magari mengi ya zamani ya gia za otomatiki. Dereva akikandamiza pedali hadi mwisho kabisa, swichi hupeleka umeme kwenye solenoidi ya giaboksi. Solenoidi hufungulia njia mafuta ya haidroli, gia hushuka, na gari hupata nguvu ya kulipita lori. Swichi haina kazi nyingine, wala haishukuriwi.

Mfano mzuri ni Mercedes-Benz W123, iliyoanza kuuzwa mwaka 1976 na kutengenezwa karibu milioni 2.7. Afrika Mashariki wenye magari ya kampuni hiyo huitwa Wabenzi, na jina hilo si la watu wa kupitwapitwa barabarani. Swichi ikikosekana, Mbenzi hubaki na cheo bila mwendo. Mlimani hukanyaga mafuta, injini hunguruma, gia hazishuki, na lori la saruji humpita huku utingo akimpungia mkono.

Hapo huanza uchunguzi, ambao kwa desturi hutoka kwenye kifaa cha bei ghali ukiteremkia cha bei rahisi. Fundi wa kwanza hunusa mafuta ya giaboksi, hutikisa kichwa na kutaja bei ya giaboksi nzima. Wa pili hulaumu pampu. Wa tatu hubadilisha plagi. Hakuna anayeinua zulia, kwa kuwa zulia halina bei.

Siku zulia likiinuliwa, huonekana sarafu mbili, kifuniko cha kalamu, maganda ya karanga na tundu la mviringo. Pembeni mwa tundu hulala nyaya mbili zilizofungwa utepe mweusi. Wakati mwingine tundu huwa limezibwa kwa kipande cha kandambili. Mguuni kipande hicho huhisika kama swichi kabisa. Kasoro yake ni kwamba kandambili haipitishi umeme.

Kishawishi cha kwanza ni kuziunganisha nyaya hizo moja kwa moja. Giaboksi huamini basi kwamba dereva ana haraka saa zote: hukawia kupandisha gia, injini hupiga kelele mpaka sokoni, na petroli huisha kama maji ya mgeni.

Kishawishi cha pili ni swichi “inayofanana”. Muuza spea aliyeishiwa hutoa swichi ya taa za breki. Hiyo hufanya kazi kinyume: ikibanwa hukata umeme, ikiachwa huupitisha. Mguu ukiwa umepumzika, gari huwa na haraka. Mguu ukikandamiza, haraka huisha.

Kabla ya kununua swichi halisi, fyuzi na nyaya hupimwa kwa taa ya kujaribia, ufunguo ukiwa umewashwa. Kisha solenoidi hupelekewa umeme wa volti 12. Ikilia “tk”, ni nzima. Swichi huagizwa kwa namba ya chesi. Nyaya mbili huchomekwa, yoyote upande wowote, na swichi husukumwa tunduni mpaka ishike.

Kinachofuata ni marekebisho ya pedali. Pedali inapoigusa swichi, injini iwe imekwisha kufunguliwa mafuta yote. Kikidauni huja kwa kukandamiza zaidi ya hapo. Mwisho, injini ikiwa imezimwa na ufunguo umewashwa, pedali hukanyagwa hadi sakafuni huku mtu mwingine akisikiliza chini ya gari. “Tk” ikisikika, kazi imekwisha.

Zulia hurudishwa baada ya mlio huo, si kabla. Na abiria mwenye kikombe cha chai ajulishwe mapema, maana gari lililozoea kupitwa halitoi taarifa siku linapoamua kupita.