Sifa za Shaghalabaghala

Waungwana, kila mwaka tunawatungia tenzi na kuwapa vyeti vya fremu watu ambao hata kwao hawajulikani wamefanya nini, na hadi leo hakuna aliyesimama kumsifu anayetulea sote: Shaghalabaghala. Mimi kanilea Korogwe, kanikomaza Handeni, na fadhila zake bado nazilipa kwa nauli. Naomba nafasi nimtoe aibu.

Kwanza kabisa, ni mwajiri. Serikali ina ikama na vibali vya ajira, Shaghalabaghala hana. Chukueni jalada moja la kiwanja. Ofisi siitaji, ila imo katika mojawapo ya wilaya hizi mbili, na ukutani imebandika Mkataba wa Huduma kwa Mteja. Karani wa masjala ni kijana mwenye adabu zake.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu."

"Jalada lako, mzee wangu, halijapotea. Halionekani tu."

Ioneni hekima hiyo. Kikipotea kitu, watu hulia, wakanyamaza, mambo yakaisha. Kisichoonekana kina matumaini, na matumaini yana gharama zake. Bodaboda analipwa kukufikisha. Kijana wa steshenari ng'ambo ya barabara anatoa nakala ya nakala ya barua ya toleo, mpaka muhuri umebaki kivuli. Wakili anagonga kiapo kwamba wewe ndiye wewe. Mpiga picha anakuweka mbele ya shuka la buluu na kukuambia usicheke, kana kwamba ulikuwa na nia hiyo. Mama lishe anauza chai na chapati kwa wote waliopo benchini, maana afisa yuko kikaoni. Mara mtu anakumbuka kwamba huenda majalada fulani yalipelekwa upande wa pili enzi hizo, basi unapanda Noah, kilomita 65 za lami kati ya Korogwe na Handeni, umebanwa kati ya gunia la mahindi na mtu anayeongea na simu. Upande wa pili wanakusikitikia sana na kukurudisha ulikotoka. Nauli tena.

Sasa pigeni hesabu. Mkonge, ule ulioipa nchi hii zaidi ya tani 230,000 mwaka 1964, ulitaka ardhi, reli, mashine za korona na manamba waliotolewa mbali kuja kukata majani. Jalada halizidi unene wa kidole, na halitaki mtaji wowote zaidi ya kuwekwa mahali pasipo pake. Linalisha mji. Sijui kwa nini wawekezaji hawajaliona.

Sifa nyingine nazitaja kwa kupita. Anafundisha subira bila ada. Analinda siri za serikali, kwa kuwa hata serikali yenyewe haijui ilikoziweka. Benchini kwake nimepata habari za misiba yote, na za posa mbili.

Nilibahatika kuchungulia masjala yenyewe. Majalada yamepanda hadi dirishani na kuziba mwanga, mafungu mafungu, yamefungwa kwa kamba ya katani. La juu lina duara la kikombe cha chai, na ndani ya duara hilo kuna duara dogo, nadhani la kahawa. Kompyuta ipo, imevishwa kitambaa cha kufuma chenye maua, na juu ya maua limelala vumbi jekundu. Mchwa ndio peke yao waliokuwa wanafuata utaratibu: wameanza na jalada la chini kushoto na wanakwenda kwa mfululizo.

Siku hiyohiyo likaegeshwa gari jeupe, akashuka bwana mmoja mwenye miwani ya jua, akataja namba ya kiwanja chake. Karani akaingia, akatoka na jalada kabla yule bwana hajamaliza kusalimia watu. Kabla hajamaliza kusalimia! Hakuwasha taa. Hakupanda kiti. Alikwenda moja kwa moja kama anayechukua chumvi jikoni kwake. Kumbe kila kitu mle ndani kina mahali pake, na wanapajua, na sisi tuliokaa benchini tangu asubuhi ndio tusiokuwa na mahali!

Mniwie radhi. Tunarudi kwenye sifa.

Ajabu yake kubwa ni kwamba jina hili hapewi kila mtu. Pale Segera yuko mama anayeuza machungwa dirishani mwa mabasi. Mafungu yake yana idadi sawa, chungwa la juu limekaa katikati, chenji iko kwenye fundo la kanga, na madeni ya makondakta anayo yote kichwani. Huyo ndiye anayeitwa mchafuzi wa mji. Desemba 2018 wenzake nchi nzima walianza kuuziwa vitambulisho kwa shilingi 20,000 ili watambulike. Mwaka 2021 wakaambiwa wahame, wapangwe. Wazee wetu nao waliambiwa hivyohivyo. Mzigua aliyejenga kando ya shamba lake, karibu na maji, aliitwa mtu aliyetawanyika. Novemba 1973 ikatoka amri kwamba hadi mwisho wa 1976 kila mtu awe anaishi kijijini, na nyumba zikapangwa mistari iliyonyooka, ikimpendeza sana anayezitazama kutoka kwenye Landrova. Shamba likabaki kule, mwenye jembe akabaki huku, katikati mwendo wa asubuhi nzima.

Masjala je? Kule hakuna fujo wala uchafu. Kuna "changamoto ya utunzaji wa kumbukumbu", na changamoto huendewa semina, na semina ina posho, maji ya chupa na picha ya pamoja. Mwenge wa Uhuru ukikaribia, mawe ya barabarani hupakwa chokaa, mashina ya miti hupakwa chokaa, meza za matunda huondolewa zisionekane, na mlango wa masjala hufungwa kwa kufuli.

Basi nina pendekezo kwa wakubwa, la mwaka mmoja tu, kwa majaribio. Mgambo wapelekwe masjala na virungu vyao, wawapange wanaostahili kupangwa. Yule mama wa Segera aende semina, alale hoteli, apigwe picha ya pamoja akiwa mstari wa mbele. Na jalada la posho yake asilishike karani yeyote. Alichukue mwenyewe, alitie chini ya karai la machungwa, na siku ya malipo atalitoa kabla mhasibu hajamaliza kumsalimia.