Leso Moja, Viti Kumi: Namna ya Kumfunda Mshauri

Kwanza toa meza zote nje. Meza ni ngome ya mwanafunzi: nyuma yake hujificha simu, daftari na usingizi. Panga viti duara, nawe ukalie kiti kama chao. Watanung'unika. Waache, maana anayejiandaa kusikiliza misiba ya watu sharti ajue inavyokuwa kutazamwa usoni na huna pa kujificha.

Kisha tafuta leso moja na mwanafunzi mwenye maneno mengi. Mfunge macho, mwenzake amshike mkono amtoe mlangoni mpaka chini ya mwembe, kimya kimya. Mwaka mmoja nilimwona kiongozi akimkokota mwenzie kama mbuzi wa mnadani. Yule aliyefungwa macho mabega yalimpanda hadi masikioni, vidole vya miguu vikipapasa kila kizingiti. Walipofika nilimwuliza, "Mkono wa mwenzako ulikuambia nini?" Akanyamaza kitambo. "Kwamba ana haraka." Kiongozi akaketi chini, kichwa mikononi.

Kimya kile usikikate. Mchezo ukichukua dakika kumi, mazungumzo yake yape saa nzima, kwa kuwa somo limo humo. Mwanasaikolojia Kurt Lewin na wenzake waliliona hilo Connecticut, Marekani, mwaka 1946. Jioni walikutana kujadili waliyoyaona warshani mchana. Washiriki kadhaa wakaomba kusikiliza, wakaanza kubishana na yaliyosemwa juu yao. Ubishi ule ndio uliozaa vikundi vya mafunzo vya Bethel, Maine, mwaka 1947. Leo CACREP, chombo kinachotoa ithibati kwa mafunzo ya ushauri huko Marekani, kinataka kila mwanafunzi wa mafunzo hayo akae kwenye kikundi kidogo saa zisizopungua 10 katika muhula mmoja.

Ila machozi hayapewi alama! Anayesahihisha mtihani asiongoze duara. Mtafute mwezeshaji mwingine. Kila mmoja aambiwe mapema kuwa anaweza kusema "leo napita" na asiulizwe sababu. Mwenye msiba mbichi usimfunge macho hata akijitolea. Na siri za humo zisifuatane na watu kwenye foleni ya wali mchana.

Wakianza kutoka, wapitie kwa jicho mmoja mmoja. Ukimwona yule mwenye maneno mengi anakunja leso polepole, ncha kwa ncha, mwombe abaki akusaidie kurudisha meza.