Anko, Mbona Unakufa Tu?

"Anko, mbona unakufa kabla hata hujacheza?" Swali hilo limeulizwa Jumamosi sebuleni kwangu, mbele ya mashemeji wawili na mama mkwe, na mtoto wa dada yangu ambaye bado anatafuna kola ya shati. Hadi naandika haya, masikio yangali yanawaka.

Nilikuwa nimeunganisha laptopu kwenye televisheni ili niwaonyeshe gemu lenye heshima zake, si haya ya kusugua kioo cha simu. Jet Set Willy liliandikwa na kijana wa Kiingereza, Matthew Smith, likatoka mwaka 1984 kwa ajili ya kompyuta ya nyumbani iitwayo ZX Spectrum. Siku hizi tunalicheza kwa programu inayoiga kompyuta hiyo. Willy ni mchimba migodi aliyetajirika. Amefanya sherehe kwenye jumba lake la vyumba 60, wageni wameacha vitu vyao kila mahali, na mtumishi wake Maria amesimama kando ya kitanda: hakuna kulala mpaka viokotwe vyote. Nyembe zinazunguka zenyewe hewani. Kuna kanisa ndani kwa ndani, na chumba cha jinamizi ambamo Willy anageuka nguruwe mwenye mabawa. Mama mkwe alipomwona huyo nguruwe alivuta mtandio, midomo ikaanza kusoma kitu taratibu.

Basi nikaruka, nikateleza ukingoni, Willy akatumbukia chumba cha chini. Ukawa ndio mwisho wangu. Sikuwa na la kubonyeza tena, na hapo ndipo penye uhondo, ingawa siku ile hakuna aliyetaka kunisikiliza.

Willy akianguka kutoka juu sana, anakufa. Akifa, anafufuliwa palepale alipoingilia chumba. Sawa, huo ni utaratibu wa haki. Lakini kama aliingia akiwa anaanguka, je? Anafufuliwa hewani. Anaanguka, anakufa. Anafufuliwa hewani, anaanguka, anakufa. Kompyuta haina huruma wala haichoki. Imeambiwa "mrudishe alipoingilia", nayo inamrudisha. Chini ya skrini roho zilizobaki zimepangwa mstari, vijitu vidogo vinavyocheza dansi, na ukiwa umekaa mikono mapajani unaviona vinatoweka kimoja kimoja huku muziki ukizidi kupotoka. Mwisho unashuka mguu mkubwa kutoka juu na kumponda marehemu, asije akabisha. Mashemeji walipiga makofi. Mmoja aliomba turudie.

Kesho yake, peke yangu, nilifika darini. Nilivyoshuka nikapita kanisani: majini yote yaliyokuwa humo yameondoka! Nikatembea kifua mbele hadi chumba kingine nilichokwisha kukipita salama. Nikafa mlangoni.

Kisa chake kimenikosesha usingizi kwa raha. Kule darini kuna mshale unaopita skrini nzima. Njia yake ilikosewa. Kwenye kompyuta ile picha ya skrini hukaa katika eneo lake maalumu la kumbukumbu, na mshale ule haukomi mwisho wa eneo hilo. Unaendelea kujichora kwenye kumbukumbu za gemu lenyewe, kama fundi rangi asiyeona kwamba ukuta umeisha, akaendelea na brashi hadi kwenye daftari la madeni la jirani. Maelezo ya vyumba vingine yanaharibika palepale. Kuanza upya hakusaidii. Enzi zile dawa ilikuwa kuizima mashine na kupakia kaseti tangu mwanzo, dakika kadhaa za kelele za kukwaruza.

Waliouza gemu walipoulizwa, walisema si kosa: vyumba vile vimejaa gesi ya sumu, makusudi, ili mchezo uwe mgumu. Baadaye waliyameza maneno yao na kutoa namba za kurekebisha. Na watu hawa hawakuwa wazembe kwa yanayowahusu wenyewe! Kwenye kasha la kaseti waliweka kadi ya vijiraba vya rangi. Usipojibu rangi zilizoulizwa, huingii, maana walihofia wanaonakili. Mlango wa kukusanyia pesa ulikuwa na kitasa imara. Nyumba ndiyo iliyokuwa haikaliki.

Hapa kicheko kinanikauka, kwa sababu gesi hiyo naivuta kila mwezi. Kifurushi kimeisha usiku bila kutumika: "ndivyo kilivyo, mteja." Hela imekatwa mara mbili: "mfumo ndivyo unavyofanya kazi." Dada wa huduma kwa wateja ana sauti nzuri na hana kosa, lakini mimi nimelipa, na ninachoambiwa ni kwamba hasara yangu ni sehemu ya huduma. Angalau wale wa 1984 walikuja kukiri.

Jumatatu nilirudi kwa Willy, mti mmoja wa bustani yake ukanishinda. Jumanne umeme ulikatika nikiwa juu ya paa lake.

Nawe ukitaka kujaribu, tafuta nakala iliyokwisha kurekebishwa, na usiwaalike wakwe. Ukiokota vitu vyote 83 na Maria akakupisha, ujue zawadi yako mapema: Willy anatoka mbio hadi bafuni na kutumbukiza kichwa chooni.