Kompyuta Iliyokataliwa Posa

Tarehe 14 Oktoba 2025 ilikuwa Siku ya Nyerere. Skuli zimefungwa, ofisi zimefungwa, na sisi wastaafu, ambao kwetu kila siku ni sikukuu, tulikuwa barazani Chake Chake na kahawa yetu kama kawaida. Siku hiyohiyo, huko Marekani, Microsoft ikaacha kuihudumia Windows 10. Hakuna aliyetangaza msikitini. Nilirudi nyumbani nikaiwasha laptopu yangu, ikawaka vilevile, herufi L iliyochomoka bado haipo mahali pake, na yenyewe haina habari kwamba tangu asubuhi ni marehemu.

Ati haijafa, wanasema. Itaendelea kufanya kazi, ila haitaletewa tena kinga dhidi ya wadukuzi. Dawa ni kuhamia Windows 11, na kuhamia ni bure kwa mwenye Windows 10 ya halali. (Hapo kwenye neno halali, fundi wangu aliomba tubadilishe mazungumzo.) Nisingekuwa na neno, lakini Windows 11 kabla ya kukubali inauliza nasaba. Inataka chipu ya usalama iitwayo TPM 2.0, na prosesa ikiwa ni ya Intel, basi takriban lazima iwe ya kizazi cha nane kuja huku. Yangu ni ya kizazi cha saba. Hapa Pemba nimeshuhudia posa ikirudishwa kwa sababu ya babu wa babu, sikatai, wazee wana mambo yao. Lakini prosesa za kizazi hicho zilianza kuuzwa 2016. Ukoo gani huo unaochakaa kabla mtoto hajamaliza skuli ya msingi?

Fundi anasema anaweza kuilazimisha. Kuna ujanja wa kuipitisha Windows 11 bila kuulizwa maswali, na mafundi wote wanaujua. Yaani ndoa ya mkeka. Tatizo la ndoa ya mkeka ni matunzo: Microsoft ilishasema mapema kwamba kompyuta isiyotimiza masharti haina haki ya kudai masasisho. Siku wakiamua kuacha kuleta posho, utamshitaki nani, na kwa kadhi gani?

Basi kuna njia ya tatu, muhula wa ziada wa mwaka mmoja, mpaka 13 Oktoba 2026. Unalipia dola 30, au unapewa bure ukikubali mipangilio ya kompyuta yako ihifadhiwe kwao. Dola 30 ni zaidi ya shilingi 70,000. Kwa bei ya shilingi 14,000 kwa kilo, ambayo shirika la biashara la Zanzibar, ZSTC, lilikuwa likinunulia karafuu kwa miaka, hizo ni kilo tano kavu. Kilo tano kavu maana yake kuna mtu kapanda mkarafuu, kachuma, kachambua vikonyo usiku kucha, kaanika kwenye majamvi, na kila wingu likipita nyumba nzima imetoka mbio kuanua. Yote hayo ili Windows ibaki kama ilivyokuwa jana! Angalau dawa ya mbu ukinunua unaona mbu wamepungua.

Habari zikafika barazani, na baraza likagawanyika.

Kwa kugawanyika, Wapemba hatuhitaji kufundishwa. Wenye umri wangu wanaikumbuka miaka ile baada ya uchaguzi wa 1995, watu walivyosusiana mpaka misibani, duka la fulani haliingii fulani, gari ya fulani haipandi fulani. Nilidhani tumeshapona. Kumbe tulikuwa tunasubiri kompyuta. Mzee mmoja ambaye maisha yake hajawahi kushika kompyuta, na simu yake ni ile ya vitufe, alisimama kabisa akasema Windows ni ya watu wa ofisini na haiaminiki. Nilipomuuliza anaipendekeza ipi, akasema yeye hapendekezi, yeye anapinga.

Chama cha Mac kinaongozwa kutoka Muscat. Mwenyekiti wake ni mtoto wa kaka yangu, kijana mwema, ananiita Ami na ananitumia halua. Tangu anunue MacBook hazungumzi nami jambo jingine. "Ami, wewe hujui raha." Kila akipiga simu ananionesha mgongo wa kompyuta kabla ya uso wake. Na nikubali, hoja zake si za kupuuza. Tangu Novemba 2020 Apple wanatumia chipu zao wenyewe, ile ya kwanza ikaitwa M1, na MacBook Air yenye chipu hiyo haina feni. Mtu wa Ulaya hilo halimshughulishi. Mimi nakaa mahali ambapo upepo una chumvi, msimu wa karafuu una vumbi lake, na feni ya laptopu yangu ina sauti ya mashine ya kukoboa. Sisimizi waliingia kupitia tundu la feni, wakahamia na familia.

Halafu betri. Apple wanasema Air ile ya M1 inaweza kuonesha filamu mpaka saa 18. Sisi umeme wetu unatoka Tanga kwa waya uliolazwa chini ya bahari mwaka 2010, na tunashukuru, maana kabla yake tulikuwa tukiishi kwa rehema za jenereta za dizeli. Ila gridi ikianguka Bara, giza nalo linasafiri kwa waya uleule. Betri ya laptopu yangu ilishakufa zamani, kwa hiyo umeme ukikatika barua inakatika katikati ya sentensi. Nimeshawaandikia watu maombi ya kiwanja yakaishia kwenye "kwa heshima na". Mtu mwenye betri ya saa 18 Chake Chake ni sultani.

Sasa sikiliza upande wa pili. Air hizo, matundu yake ya USB ni ya USB-C tu. Flashi yangu, na flashi ya kila mtu kisiwani, haiingii. "Ununue adapta, Ami." Wapi? Nimezunguka mjini Chake nzima, nikaoneshwa adapta za pasi, za king'amuzi, na moja ambayo muuzaji mwenyewe alikiri hajui ni ya nini. Kisha kijana akatutumia orodha ya waalikwa wa harusi ya dada yake, kaiandika kwenye programu ya kwao, Pages. Orodha ikaenda steshenari, haikufunguka. Ikaenda steshenari ya pili, ikafunguka kwa alama za kuuliza kurasa nzima. Shangazi yake akataka kujua kwa nini tumealika maswali. Ilibidi Muscat waamshwe usiku watume PDF, na hata hivyo upande wa mama wa bwana harusi wanaamini mpaka leo kwamba waliachwa makusudi.

Nikaenda kumuuliza fundi kuhusu Mac. Fundi wangu ana meza chini ya ngazi, karibu na soko, na juu ya meza hiyo ameshafufua vitu ambavyo wenyewe walishavisomea hitma. Nilipotaja Mac akanyamaza, akafuta mikono, akaniambia niinamishe kichwa nitazame. Droo imejaa bisibisi. "Maalim, skrubu za Mac zina pembe tano. Mimi hapa nina nne, nina sita, nina nyota. Tano sina. Nikiazima tano nikafungua, ndani betri imegundishwa na ramu imechomelewa. Wewe unataka nikutazamie tu?" Kisha akaniuliza kama mtoto wa kaka yangu ana nafasi ya kulala fundi kwake huko Muscat.

Chama cha Linux kina mwanachama mmoja, lakini kelele zake za watu mia. Ni kijana wa jirani, anasoma chuo Unguja. Alikuja likizo na flashi, akaichomeka, akaiwasha Linux kutoka humohumo bila kugusa chochote kwenye diski yangu. Bure, haiulizi kizazi, haiulizi chipu. Akaanza kunihubiria historia nikamkatisha, maana mie Linux naijua tangu yeye hajaacha kunyonya. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwenye mradi wao wa Kilinux, walitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zinazozungumza Kiswahili. Mwaka huohuo Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini akaianzisha Ubuntu, aina ya Linux, na watu wake walikuwa wakituma CD za bure kwa posta dunia nzima mpaka 2011. Moja ilifika skuli niliyokuwa nikifundisha. Tuliikabidhi kwa heshima zote ofisi ya mwalimu mkuu, na baadaye nikaiona inang'aa kwenye bonde la mpunga, inafukuza ndege.

Lakini kijana alinishinda kwa jambo moja. Kila mtu hapa anaijua flashi inayorudi kutoka steshenari ikiwa imerogwa: mafolda yote yamegeuka shotikati, ukibonyeza moja umemfungulia mlango kirusi. Kwenye Linux tuliichomeka flashi hiyohiyo, na mafaili yangu yalikuwa pale pale, yamefichwa tu, na kirusi amekaa pembeni hana la kufanya, kama mgeni asiyejua lugha ya nyumba. Wallahi nilifurahi. Nilitamani kuwaita majirani.

Furaha ikadumu mpaka muhtasari wa kamati ya msikiti. Niliuandika kwenye LibreOffice ya hukohuko Linux, jedwali limenyooka kama safu ya sala. Ulipofunguliwa kwa Word kwenye ofisi tuliyoipelekea, michango ya Ramadhani imehamia kwenye safu ya matumizi, na jina la katibu limebaki ukurasa wa pili peke yake kama aliyefukuzwa. Nikamtafuta kijana. Likizo imekwisha, kapanda boti. Nikamwendea fundi. Fundi akaitazama Linux yangu kwa muda mrefu, akasema, kwa adabu, "Hiyo aliyekuwekea yuko wapi?"

Ndipo baraza likaja na suluhu ya kisiasa. Mzee mmoja mstaarabu, aliyeyafuatilia Maridhiano ya Zanzibar ya 2009 neno kwa neno, akasema kwani lazima mmoja ashinde? Gawa diski, weka Windows huku na Linux kule, ukiwasha unachagua. Serikali ya Umoja wa Kitaifa ndani ya laptopu! Sote tukapiga makofi, kahawa ikaongezwa. Tulikumbuka kura ya maoni ya Julai 2010 iliyoipitisha serikali hiyo, foleni zake, na yule ambaye hakutaka kusema alipiga nini. Fundi peke yake ndiye hakupiga makofi. Akatueleza kwamba umoja huo unawezekana, ila ajue mwenye nyumba: Windows ina kawaida, ikipata sasisho kubwa, kuamka na kujitangaza kuwa ndiyo mfumo pekee uliomo, na mwenzake haonekani tena kwenye orodha. Linux yupo, hakwenda popote, amesusa tu ndani ya diski. Atatafutwa mtu wa kuwapatanisha. "Na mimi," akasema, "si msuluhishi. Mimi napiga Windows."

Hapo nikaona kinachonikera tangu mwanzo. Watu wanaogombana kuhusu mifumo hii wanagombana kama vile wamekaa mtaa wenye maduka matatu, unatoka hapa unaingia pale. Mimi duka langu ni ngazi moja yenye fundi mmoja. Anachokijua yeye ndicho nitakachokitumia, na chaja anayoweza kunibadilishia ndiyo chapa yangu. Apple na Microsoft wanaotumia mabilioni kunishawishi wangepunguza gharama wakamnunulia yule bwana bisibisi.

Na hata hilo sina uhakika nalo. Juzi umeme ulirudi, nikawasha laptopu, vikaanza kuzunguka vile vidoti vyake. Binti yangu akaingia, kajilaza kwenye mkeka, akaandika ombi la kazi kwenye simu kwa vidole gumba viwili, akalituma steshenari kwa WhatsApp, akavaa baibui akaenda kulichukua. Alirudi na karatasi mkononi, imenyooka, jina lake ukurasa wa kwanza. Vidoti vyangu bado vinazunguka.

"Baba, hiyo inafanya nini?"

Nikamwambia inajiandaa.

Basi nimemtumia yule wa Muscat ujumbe wa sauti. Nimemwambia sina ubishi tena. Idi akija, aniletee hiyo Mac aliyokuwa akinisifia, aniletee na adapta ya flashi, bisibisi ya pembe tano, na fundi wa kuishika bisibisi hiyo. Majibu yalikuja usiku: Mac ipo, adapta ipo, bisibisi anaitafuta. Fundi kamuuliza, na yuko tayari kabisa kuja Pemba, ila ametoka Kerala, anataka kujua viza inapatikana wapi na kama hapa Chake kuna kazi ya kutosha. Nimemjibu kwamba kazi ipo tele, mradi awe anajua kupiga Windows.