Chumba cha Kulala, Foleni ya Mafuta

Wenzetu wa Ulaya, mume na mke wakitaka gari la kulala, huumiza vichwa. La mita 6 au 7? Kitanda kimoja kikubwa au viwili pacha? Choo kikae nyuma au katikati? Tena lisizidi kilo 3,500, maana leseni ya kawaida inaishia hapo.

Bujumbura tulishalimaliza hilo bila seremala. Tangu mafuta yaanze kuadimika, watu wamelala garini kwenye foleni za vituo hadi wakaijua kila springi ya kiti kwa mgongo. Probox inamtosha bwana peke yake: laza kiti, toa miguu dirishani. Kwa wawili chukueni Hiace: benchi la nyuma la mama, la mbele la baba, na katikati nafasi ya kutosha kununiana. Jiko ni muuza brosheti wa ng'ambo ya barabara. Choo, mwombeni mlinzi kwa adabu.

Mafundi wa Buyenzi watawang'olea viti mkitaka, na godoro litakatwa kwa kipimo. Watauliza jambo moja tu: "Mzee, wewe na mama mnaelekea wapi? Rumonge? Gitega? Kwa mafuta yapi?"