Barua ya Simbamarara

Katika misitu ya New Jersey simbamarara walikuwa na chuo cha mawindo, Princeton. (Mnyama huyo sikuwabambikia mimi. Ni nembo yao wenyewe, kama wenzao wa chuo cha Brown walivyojichagulia dubu.) Mwaka 2004 wazee walipekua vyeti wakakuta karibu nusu ya alama ni "Hodari". Wakakunja nyuso, wakatunga sheria: katika alama 100 za darasani, Hodari zisizidi 35, na kwa anayewinda peke yake, yaani mwenye tasnifu, zisizidi 55. Aliyeuliza kwa nini si 36 aliambiwa ubora hauna mjadala.

Dubu alicheka sana. Kwake mtoto akimkosa swala, cheti hakisemi kitu.

Watoto wa simbamarara walibadilika upesi. Aliyeona nyayo za swala alizifuta kwa mkia, mwenzake asije akazifuata. Wazee wakapongezana: sasa ndiyo wanasoma.

Kizaazaa kilikuwa kwa Korongo, bawabu wa shule za uzamili, za sheria na za udaktari. Korongo ana mdomo mrefu na subira fupi. Kila msimu vyeti humfika magotini. Huvipanga kwa wingi wa Hodari, vya chini akavisukuma kando kwa mguu. Wazee walilijua hilo, wakaambatisha barua na kila cheti: kwetu Hodari ni adimu, tafadhali mpime mtoto kwa mizani yetu. Korongo aliisifu karatasi kwa uzito wake. Akajipepea nayo.

Mwaka 2013 Sungura, ambaye siku hizi ni mtafiti, alimtega. Alimletea waombaji waliotoka shule ngumu na waliotoka shule nyepesi, na kando ya alama za kila mmoja akaandika wastani wa shule yake, kwa herufi ambazo hata fuko angezisoma. Korongo akaitikia kwa kichwa: nimeelewa, nimeelewa. Kisha akawapendelea wa shule nyepesi. Sungura akarudia jaribio, na Korongo naye akarudia uamuzi.

Wazee walipoulizwa kama sheria inawaumiza watoto, walisema hawajaona ushahidi. Ni kweli, maana waliokataliwa langoni hawakuwa na sababu ya kurudi kuwasimulia.

Oktoba 2014 sheria ikafutwa. Kamati iliyoichunguza ilikuta jambo la kuchekesha: alama zilianza kushuka kabla sheria haijaanza kutumika, wazee walipokuwa bado wanaizungumza tu. Kumbe mngurumo peke yake ulitosha, na ile 35 ilikuwa pambo.

Wahitimu wa miaka ile 10 wakaenda ofisini kuuliza vyeti vyao vitasahihishwa lini. Karani aliwakaribisha vizuri, akawaketisha, akampa kila mmoja nakala ya ile barua, safari hii kwenye karatasi nzito zaidi.